Feresita na Wakubwa wa Ziwa

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Hapana, ngoja nijirudi: kumi na tatu. Mto Nyamwamba ulishuka na mawe yake miaka yote miwili, tena majira yaleyale, ndiyo maana kichwa changu huichanganya. Mwaka ninaousema ni ule wa kwanza, watu wa Bulembia walipokuwa bado wanaulizana daraja limekwenda wapi, kana kwamba daraja huaga. Nilitoka huko kwa miguu, nikapita Kasese mjini, nikateremka hadi mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kwenye Ziwa George. Sikuwa na shughuli mwaloni. Nilikuwa nimesikia kuna chai.

Chai hiyo ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Feresita Biira, na habari hii ni yake.

Jina lake kwanza. Kwetu Wakonzo jina la mtoto halitafutwi, linangoja zamu. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Wasichana nao wana yao. Ukisikia Biira, ujue kuna msichana mmoja alimtangulia. Baba akioa mke mwingine, hesabu inaanza upya kwa mama huyo, Baluku tena, Bwambale tena. Ndiyo sababu ukisimama sokoni Bwera ukaita "Baluku!" watageuka nusu ya soko, wanene kwa wembamba, na pengine mbuzi mmoja.

Feresita alizaliwa hukohuko Bwera, akaolewa mwaloni na mvuvi. Mvuvi akafa kwa homa, akamwachia kibanda cha mabati kinachotazama ziwa. Feresita akaweka meko matatu, mabenchi, na kibao mlangoni. Kibao kilichorwa na fundi anayeitwa Bright, ambaye alianza na herufi kubwa kwa furaha, akafika mwisho wa ubao kabla ya mwisho wa neno. Kikasomeka TULIA HOTE. Basi mwalo mzima ukasema, "Twende Hote." Feresita hakukibadilisha. Alisema herufi inayokosekana ni ya mwenye njaa, aje aimalizie mwenyewe.

Biashara yake ilisimama juu ya kitu kimoja: mbele ya mlango wake ndipo watu walipoteka maji. Walipanga jerikeni zao, na wakati wa kungoja zamu wakaketi kwake wakanywa chai. Juu ya kilima, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na kisima cha pampu, na kando yake mama mwingine, Proscovia, naye aliuza chai. Lakini pampu ilikuwa ngumu kama roho ya mdai, na chapati za Proscovia zilikuwa na sifa ya kusafiri: mtu alinunua moja asubuhi, jioni akawa bado anayo. Watu walibaki ziwani, na Feresita akabaki na watu.

Nami nikabaki. Chai ile, ndugu zangu! Ilikuwa nzito bila maziwa mengi, na mwishoni ilikuwa na kitu fulani ulimini, kama majani mabichi yaliyokumbuka mvua. Nilinywa nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Ni rahisi kwangu, kwa kuwa mara nyingi sikuwa nakwenda popote.

Mtu wa kila siku pale Hote alikuwa Stanislas, mpiga kasia kutoka Butembo. Alivuka mpaka zamani, vita viliposumbua kwao, akasema atarudi mambo yakitulia. Mpaka siku hiyo alikuwa akingojea mambo yatulie, kikombe mkononi. Alikuwa mjane, Mkatoliki wa rozari shingoni, na Feresita alimchokoza mchana kutwa.

"Stani, Kongo wamekuita. Wanasema mambo imetulia."

"Acha batulie zaidi, yaya," alijibu, maana kwao yaya ni dada. "Minaweza kunywa ingine?"

Siku moja akaja Baker.

Baker alikuwa kijana mwembamba, Msoga wa Jinja, anayesomea mambo ya maziwa na mito. Kwa tabia alikuwa mpole, hata nzi alimwomba radhi. Lakini Kiswahili alijifunzia kambini, baba yake akiwa askari, kwa hiyo Kiswahili chake chote kilikuwa cha gwaride. Alijua kuamrisha tu. Alisogea mlangoni kwa adabu, akavua kofia, akasema kwa sauti laini: "Lete chai! Haraka!"

Feresita akageuka polepole. "Na wewe ni afande wa nani?"

Baker akaona haya mpaka masikio. "Samahani, mama. Kaa! Pumzika!"

Tangu hapo Feresita alimwita Afande, na akampenda.

Kazi aliyokuja nayo ilikuwa ya kupima mimea ya ziwani. Si magugu haya tunayoyaona, bali mimea midogo sana inayoelea ndani ya maji, ambayo jicho tupu haliioni. Tunachokiona ni rangi yake. Ziwa letu pale lina rangi ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyotwangwa. Chovya mkono hadi kiwiko, vidole vimepotea. Baker alitaka kujua mimea hiyo ina ukubwa gani, na ni mingi kiasi gani. Stanislas alimpeleka kwa mtumbwi. Akateremsha kwa kamba sahani ya rangi nyeupe na nyeusi, apime inapopotea machoni; ikapotea kabla kamba haijalowa vizuri. Akavuta wavu laini kama kitambaa.

"Hicho ni kichujio changu cha chai," Feresita alisema Baker aliporudi ufukweni. "Mnaiba hata vyombo?"

Maji aliyoyateka Baker aliyatia kwenye chupa, akadondoshea dawa ya kuyatunza, yakageuka rangi ya chai kavu. Akazipanga chupa kwenye rafu ya Feresita, kando ya chai kavu yenyewe. Nitasema tu kwamba niliponyoosha mkono kuchukua moja, watu wawili walipiga kelele kwa pamoja.

Jioni ile Baker alieleza mbele ya wote. Mimea hiyo ni chakula. Samaki ngege anaila, na sisi tunamla ngege.

"Kumbe ngege naye anakula sombe," Feresita alisema.

"Ndiyo, mama. Nyamaza! Sikia!" Baker aliendelea, kwa huruma kabisa. Iko namna moja, alisema, inayojikusanya mabonge mabonge. Hayo ndiyo makubwa kuliko yote, na ndiyo yenye sumu. Yakiwa machache, si neno. Yakizidi, maji hayafai kunywewa, na kuchemsha hakusaidii: moto unaua mmea, sumu inabaki kwenye sufuria.

Hapo mwenyekiti wa mwalo akasimama. Jina lake Yonasani, na sisi sote tulimwita mwenyekiti tu. Alikuwa mtu mfupi kuliko watu wafupi. Akisimama, wageni walimngojea asimame. Lakini sauti yake ilikuwa ya ng'ombe dume.

"Mmesikia," akasema. "Baker atapima. Wale wakubwa wakizidi robo ya wote, ninafunga hapa kwa miiba, na kila mtu atapanda kwenye pampu. Wasipozidi, tunaendelea."

Hakuna aliyemtazama Feresita, na kila mtu alikuwa akimtazama. Hapa pakifungwa, jerikeni zinapanda kilimani, na watu wanafuata jerikeni zao mpaka kwa Proscovia. Hote itabaki na bata. Feresita akachukua ungo wa maharagwe, akaanza kuchagua mawe.

Asubuhi Baker aliamka na macho mekundu. Ugonjwa wa macho ulikuwa unapita mwaloni, ukamkuta mgeni ukamkaribisha. Kope zilivimba, machozi yakatiririka, akazunguka na kitambaa usoni kama mwizi mwenye haya. Hadubini yake, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, ilikuwa mezani tayari, na yeye hakuweza kuona hata meza. Ofisini walitaka majibu kabla ya Jumapili.

"Natafuta mtu mwenye jicho kali," akasema.

Wote tulinyoosha kidole upande mmoja. Feresita alikuwa na uwezo wa kutoa jiwe ndani ya maharagwe huku akimsema mtu aliye nyuma yake.

"Fisi mmempa bucha!" alipiga kelele Proscovia, ambaye siku hiyo alikuwa ameshuka kutoka kilimani kwa ajili ya chumvi, alivyosema.

"Fisi huyu ni Mkristo," Feresita alimjibu. "Wewe nenda ukaangalie chapati zako, zisije zikatoboa mfuko wa mtu." Akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda mezani.

"Kaa!" Baker akamwambia.

Feresita akatazama nyuma aone ni mbwa gani anayeamrishwa, kisha akakaa.

"Fumba jicho moja. Tazama! Unaona nini?"

"Kope zangu."

"Sogea kidogo. Tulia!"

"Si imeandikwa pale mlangoni." Kisha akagandisha jicho kwenye hadubini. Mgongo wake ukabadilika. "Yesu wangu," akasema polepole. "Shanga. Naona shanga. Na nyuzi. Na mabonge kama ugali iliyotupwa. Afande, hii yote iko ndani ya tone moja?"

"Ndani ya tone moja."

"Na mimi nilikuwa nasema maji iko tupu."

Baker akafurahi, hata machozi yake yalionekana ya furaha. Akaeleza kazi. Asihesabu kwa namba, atapotea. Vitu hivyo vina ukubwa wa namna tano. Avipe majina, majina yasiyosahaulika. Yeye aite kila anachokiona, Stanislas atie harage moja kwenye kopo la jina hilo.

"Waite kwa ukubwa wao," Baker akasema. "Mkubwa ndiye wa kwanza, mpaka mdogo kabisa."

"Majina ya watu inafaa?"

"Inafaa sana."

"Na nitajua namna gani mkubwa ni nani?"

"Utamwona tu, mama. Mkubwa hajifichi."

Feresita akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Mkubwa hutangulia."

"Hivyo hivyo!" Baker akasema, kitambaa machoni, akiwa na raha ya mtu aliyeeleweka.

Sasa tazameni Kiswahili chetu kilivyo. Mkubwa ni mwenye mwili, na mkubwa ni aliyezaliwa mbele. Neno moja limebeba wawili mgongoni, na halisemi limembeba nani leo. Baker alisema mkubwa akaona bonge nene. Feresita alisikia mkubwa akaona kaka. Nami nilikuwa nimekaa palepale na kikombe changu, Mkonzo kama yeye, na nikaona anaita sawasawa kabisa.

"Baluku!" Feresita aliita cha kwanza kilichoingia jichoni mwake. Harage likalia koponi. "Bwambale!"

"Kambale," Stanislas akasema.

"Nimesema Bwambale."

"Kwetu Butembo iko Kambale. Mutoto wa pili ni Kambale."

"Ziwa hii iko Uganda, Stani. Tia harage."

"Bon. Minatia. Lakini yeye mwenyewe anajua ni Kambale."

"Masereka! Kule! Thembo!" Feresita akavuta pumzi. "Haya, mama wa kwanza amemaliza. Naingia kwa mama wa pili. Baluku!"

Baker akainua kichwa. "Mama wa pili ni nini?"

"Ni kuendelea."

"Sawa. Endelea!"

Akaendelea. Tone kwa tone, kioo kwa kioo, mama kwa mama. Mara moja, baada ya shanga nyingi za mviringo, ukapita uzi mrefu, na Feresita akaita, "Muhindo!"

Stanislas akatafuta kopo, hakuna. Baker akauliza Muhindo ana ukubwa gani.

"Muhindo hana ukubwa," Feresita akamjibu. "Muhindo amegeuza tu."

Kwetu Muhindo ni mtoto anayegeuza mlolongo, msichana baada ya wavulana au mvulana baada ya wasichana. Stanislas alijua, mimi nilijua. Baker akakuna kichwa, akaomba kopo la sita.

Kazi ilipokwisha, Stanislas akayapanga makopo, akaingiza kiganja katika kila moja kupima kina. Ukiacha lile la Muhindo, yote yalilingana. Hakuna lililokuwa juu, hakuna lililokuwa chini. Baker alisogeza kitambaa, akayatazama kwa jicho moja lililobaki hai, akatoka nje kumpigia simu profesa wake, bibi mmoja mkali wa Kampala. Walisema Kiingereza. Alirudi akatueleza kwamba profesa ameuliza ziwa gani hilo lililogawanyika sawa kama uji wa shule, na kama yeye Baker ana homa. Alimwambia hapana, ni macho tu.

Lakini robo ni robo, na kopo la Baluku halikufika robo. Mwenyekiti akapanda juu ya benchi, ili tumwone, akatangaza kwa sauti yake ya dume: wakubwa hawajazidi. Tunateka kama kawaida.

Feresita alicheka mpaka akashika mlango. Akamimina chai kwa kila mtu, hata kwa Proscovia, na akamwekea sukari ya kutosha, jambo ambalo Proscovia aliliona kuwa tusi.

Siku hiyohiyo, kabla vikombe havijaoshwa, mlango ukawa giza. Alikuwa amesimama mtu mkubwa namna ambayo sijui kuieleza. Aliinama kuingia, akainama tena ndani. Ni mchukuzi wa chumvi kutoka Katwe, jina lake Kosmasi, alikuja kumtafuta kaka yake.

"Baluku yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, mdogo wangu," ikajibu sauti ya ng'ombe dume kutoka chini ya kwapa lake. Mwenyekiti akaondoka kwenye benchi, akatoweka ndani ya kumbatio.

Baker akaondoa kitambaa usoni. "Mwenyekiti, amekuitaje?"

"Baluku. Yonasani Baluku, ndilo jina langu."

"Na yeye?"

"Kule. Kosmasi Kule, mdogo wangu."

Baker akamtazama mdogo, kuanzia viatu hadi pale paa lilipomzuia. Akamtazama mwenyekiti, safari fupi. "Huyu ni mdogo?"

"Wa nne."

"Na wewe ndiye...?"

"Mkubwa wao wote," mwenyekiti akasema, akajaza kifua.

Baker aliweka kikombe chini kama mtu anayeweka yai. "Mama," akamwambia Feresita, na safari hii hakuamrisha chochote, "yule Baluku wa kwenye kioo. Alikuwa mnene?"

"Wengine wanene, wengine wembamba. Si ni watoto wa watu?"

"Sasa ulijuaje kuwa ni Baluku?"

"Si ametokea wa kwanza?"

Aliyeanza kucheka ni Stanislas, akafuata Kosmasi, na mabati ya Hote yakaitikia. Baker alicheka hata akalia kwa macho yale mabovu. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alitaka aelezwe ni nani aliyekuwa ndani ya kopo lenye jina lake. Nami nilipomtazama Feresita nilimwona anacheka na wengine, kisha kicheko chake kikasimama katikati. Alikuwa amefika mahali ambapo sisi wengine tulikuwa hatujafika.

Hesabu haikuwa hesabu. Ingerudiwa.

Kesho yake asubuhi Baker bado haoni vizuri, na jicho kali lilikuwa lilelile moja. Akasema, "Leo hatutaki mkubwa, mama. Tunataka unene. Tumia vyombo vyako." Feresita akataja yeye mwenyewe, mmoja mmoja, bila mzaha: bonge nene kuliko yote ni sufuria, linalofuata ni bakuli, kisha kikombe, kisha kijiko, na kile kidogo kabisa ni punje ya sukari. Makopo yakapangwa. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza, na kimya kuliko kanisani. Proscovia hakuwa na haja ya chumvi leo, alikuja waziwazi.

Feresita akafumba jicho moja.

"Sufuria," akasema.

Harage likalia.

"Sufuria. Kijiko. Sufuria."

Stanislas aliyashika maharagwe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akainama karibu na sikio lake, lakini mtu wa Butembo hajui kunong'ona, sote tulisikia. "Yaya. Ile ya mwisho, si ni bakuli kubwa-kubwa?"

"Tia kwa sufuria."

"Mimi nasema tu. Bakuli ingine beko banene."

"Stani," Feresita alisema bila kutoa jicho kwenye hadubini, "nikiita sufuria bakuli, kesho nitapikia wapi? Tia."

Stanislas akatia. Feresita akaendelea kuita, sufuria, sufuria, kikombe, sufuria, na sauti yake ikawa inashuka kama ndoo kisimani, mpaka mwisho tulikuwa tunasikia maharagwe tu. Kopo la sufuria likajaa, likamwagika mezani. Hakuna aliyehitaji kuuliza kuhusu robo. Feresita akainuka, akanyoosha mgongo, akachukua ungo.

"Maharagwe hayo ni yangu," akasema. "Yarudishwe, nayapika."

Proscovia alipita karibu naye akitaka kusema kitu. Feresita alimtangulia. "Mafuta, Proscovia. Chapati inataka mafuta. Watu wanakuja kwako sasa, usiniaibishe."

Mwenyekiti alileta miiba mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko matawi aliyobeba, ikaonekana kama kichaka kinajipeleka ziwani. Alifunga pale palipotekwa maji, akafika mlangoni kwa Feresita, akavua kofia, akakaa akanywa chai ya mwisho ya maji yale, ingawa ndiye aliyeyapiga marufuku. Nilinywa naye. Baker alitutazama akatikisa kichwa, lakini hakujua neno la kambini la kumkataza mzee.

Hote ilibaki na bata, kama ilivyotarajiwa. Feresita alingoja kidogo, si sana. Hakuwa mtu wa kungoja mambo yatulie. Akang'oa kibao chake, akarudi kwao Bwera. Kibao kilibebwa kwenye baiskeli na Stanislas, ambaye alisema anakwenda njia ile kwa sababu Bwera iko karibu na mpaka, na mambo Kongo huenda yamekaribia kutulia. Mimi niliwafuata nyuma kwa miguu. Njiani, pale Kinyamaseke, watu walisoma kibao kikipita, wakauliza Hote ni kabila gani.

Mpaka leo kibao kile kiko Bwera, kwenye mlango usiokuwa mbali na soko. Maji sasa ni ya bomba, yametoka mlimani, safi, unaona chini ya ndoo. Wateja wapo. Stanislas yupo, anakunja mikeka jioni na hakuna anayemwuliza tena habari za Kongo, Feresita humwambia tu, "Mambo imetulia, Stani, lala." Hata Baker alipita mwaka mmoja, macho meupe, na suti. Aliingia akasema, "Lete chai! Haraka!" Feresita akaacha mwiko ukaanguka.

Na ni chai nzuri. Sisemi si nzuri. Majani ni yaleyale, sukari ileile, mkono uleule. Lakini kile kitu cha mwisho ulimini, yale majani mabichi yaliyokumbuka mvua, hakipo. Nilimwuliza Baker kwa kuwa amesoma. Akatazama ndani ya kikombe chake, akaomba kingine. Nilimwuliza Stanislas, akasema yeye anakunywa, haonji. Nilimwuliza Feresita mwenyewe, akaninyang'anya kikombe. Basi nauliza hapa: ile ladha ilikuwa ya mkono wa Feresita, au ilikuwa ya akina Baluku?